Samuel Colt

Samuel Colt (19 Julai 1814 – 10 Januari 1862) alikuwa mvumbuzi na mwenye viwanda kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa bastola ya silinda inayozunguka, yaani silaha ya mkononi iliyoweza kufyatua risasi tano au sita mfululizo bila kushindiliwa upya baada ya kila mlio. Pia anakumbukwa kama mmoja wa watu waliostawisha utengenezaji wa vitu kwa wingi kwa kutumia mashine, na uuzaji wa bidhaa kwa njia ya matangazo.

Colt hakuwa mtu wa kwanza kufikiria silaha ya namna hiyo. Kabla yake, Mmarekani Elisha Collier alipata hataza ya bunduki yenye silinda mwaka 1818, lakini silinda yake haikuleta faida kubwa kwa sababu ilitegemea jiwe la gumegume kuwasha baruti. Mchango wa Colt ulikuwa kuunganisha mambo matatu: fataki, silinda inayojizungusha mpiga anapovuta nyundo nyuma, na baadaye wenzo wa kushindilia gololi ya risasi hadi ikabane kabisa ndani ya chumba chake.

Utoto na elimu

Colt alizaliwa mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Baba yake, Christopher Colt, alikuwa mfanyabiashara. Mama yake, Sarah Caldwell, alikuwa binti wa John Caldwell, mtu aliyekuwa na jina mjini hapo. Biashara za baba zilianguka wakati wa msukosuko wa uchumi wa mwaka 1819, na mama alifariki kwa kifua kikuu Samuel alipokuwa na umri wa karibu miaka saba. Baadaye dada zake nao walifariki mmoja baada ya mwingine wakiwa bado wadogo au vijana. Hivyo alikulia katika familia iliyozoea kupoteza mali na watu.

Alipofikisha miaka 11 alipelekwa kwa mkulima mmoja huko Glastonbury, afanye kazi za shamba huku akisoma. Inasimuliwa kwamba huko ndiko alikopata kitabu cha maarifa ya sayansi kilichoeleza habari za baruti na umeme, akakisoma kwa shauku kuliko masomo mengine.

Mwaka 1829 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha nguo cha baba yake mjini Ware, Massachusetts. Tarehe 4 Julai mwaka huo, siku ya sherehe za uhuru, alitangaza kwamba angelipua chelezo katika bwawa la mji. Watu walijaa kutazama. Mlipuko ulitokea kweli, lakini ulirusha maji na matope juu ya watazamaji, wakakasirika. Katika simulizi hiyo, fundi kijana aliyeitwa Elisha Root ndiye aliyemkinga. Root atatajwa tena hapa chini, kwa maana miaka 20 baadaye ndiye aliyepanga mashine za kiwanda cha Colt.

Mwaka uliofuata Colt alikuwa mwanafunzi wa Amherst Academy. Michezo yake ya baruti ilileta moto shuleni, na masomo yake yakaishia hapo.

Safari ya Calcutta

Mwaka 1830 baba yake alimtafutia nafasi ya ubaharia katika jahazi la milingoti miwili lililoitwa Corvo, lililosafiri kutoka Boston hadi Calcutta, nchini India. Katika safari hiyo Colt alivutiwa na mtambo wa chomboni uliozunguka na kufungwa mahali pake kwa pingo kila ulipofika kwenye jino fulani. Wengine husema ulikuwa usukani, wengine husema ulikuwa mtambo wa kupandishia nanga. Jambo lenye uhakika ni kwamba alichonga kwa mbao mfano wa silinda yenye vyumba kadhaa.

Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: nyundo ikivutwa nyuma, jino linasukuma silinda hadi chumba kinachofuata kikae sawasawa nyuma ya mtutu, kisha pingo linaifunga isitikisike. Kulitimiza kwa chuma kulikuwa kazi ngumu. Chumba kikipishana na mtutu hata kidogo tu, gololi hukwaruzwa inapoingia, vipande vya risasi hurukia pembeni, na silaha huweza kumdhuru mwenyewe.

Maonyesho ya gesi na hataza za kwanza

Aliporudi Marekani Colt hakuwa na fedha za kuwalipa mafundi. Akajitwalia jina la Daktari Coult wa Calcutta, akazunguka miji ya Marekani na Kanada akionyesha watu maajabu ya oksidi ya nitrojeni, gesi inayomfanya anayeivuta acheke bila sababu. Hakuwa daktari, wala Calcutta haikumpa shahada yoyote, lakini alijifunza kuzungumza mbele ya umati na kuwafanya watu watake kile alichokuwa nacho. Ujuzi huo ulimfaa maisha yake yote.

Mapato ya maonyesho aliyatuma kwa mafundi bunduki. Aliyemfanyia kazi kubwa zaidi alikuwa John Pearson wa Baltimore, ambaye alitengeneza mifano kadhaa na mara nyingi alilalamika kwamba malipo yanachelewa. Mwaka 1835 Colt alisafiri kwenda Uingereza akapata hataza huko, na tarehe 25 Februari 1836 alipata hataza ya Marekani. Hataza hiyo ilimlinda dhidi ya washindani kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa iliongezewa muda hadi 1857.

Kiwanda cha Paterson

Mwaka 1836 Colt, kwa msaada wa ndugu na wawekezaji, alianzisha kampuni mjini Paterson, katika jimbo la New Jersey. Bastola za Paterson zilikuwa na vyumba vitano, na kifyatuo chake kilijificha ndani ya mwili wa silaha mpaka nyundo ilipovutwa. Kampuni ilitengeneza pia bunduki ndefu zenye silinda, na jeshi la Marekani lilinunua chache kwa ajili ya vita dhidi ya Waseminole huko Florida. Jamhuri ya Texas, iliyokuwa wakati huo nchi huru, ilinunua bastola 180 kwa ajili ya jeshi lake la majini mwaka 1839.

Silaha za mwanzo zilikuwa na kasoro kubwa katika kushindilia. Bastola za kwanza hazikuwa na wenzo uliofungwa kwenye silaha yenyewe. Ili kuzijaza vizuri, mtu alilazimika kutoa mtutu na kutumia kifaa cha pembeni, jambo gumu kwa mtu aliye juu ya farasi au aliyezungukwa na adui. Kuanzia mwaka 1839 kampuni ilianza kuweka wenzo chini ya mtutu. Badiliko hilo lilionekana dogo, lakini bastola nyingi za kushindilia za Colt zilizofuata zililifuata.

Hata hivyo wanunuzi hawakutosha. Bei ilikuwa kubwa, wakuu wa jeshi waliona silaha hiyo ni dhaifu, na Colt alitumia fedha nyingi katika karamu na zawadi za kutafuta zabuni. Mwaka 1842 kiwanda kilifungwa, na mitambo yake ikauzwa.

Mwaka huohuo familia ilipata pigo jingine. Kaka yake, John Colt, alikuwa amehukumiwa kifo mjini New York kwa kumuua mchapaji wa vitabu aliyekuwa akimdai. Samuel alimsaidia kaka yake katika kesi hiyo ingawa naye alikuwa na madeni. John alikutwa amekufa katika chumba chake cha gereza siku ileile aliyopangiwa kunyongwa, tarehe 18 Novemba 1842.

Katika miaka hiyo Colt aligeukia umeme. Alibuni mabomu ya chini ya maji yaliyolipuliwa kwa waya kutoka mbali, na akalipua meli kadhaa chakavu mbele ya viongozi wa serikali. Serikali haikununua mpango huo. Alishirikiana pia na Samuel Morse, mwanzilishi wa simu ya maandishi, katika majaribio ya nyaya zilizofunikwa zisiingie maji.

Walker na kuanza upya

Bastola zilizonunuliwa na Texas hatimaye ziliwafikia askari wa mpakani walioitwa Texas Rangers. Mwaka 1844, kikosi kidogo kilichoongozwa na John Hays kilipigana na Wakomanche waliokuwa wengi kuliko wao. Hadi wakati huo, mpiganaji wa Kikomanche aliweza kurusha mishale mingi wakati adui anajaza gobori lake mara moja. Siku hiyo hesabu iligeuka. Kwa walowezi ilikuwa habari ya wokovu. Kwa Wakomanche ilikuwa dalili kwamba nchi yao ingezidi kutwaliwa.

Mmoja wa askari wa siku hiyo alikuwa Samuel Walker. Vita kati ya Marekani na Meksiko vilipoanza mwaka 1846, Walker, akiwa sasa kapteni, aliwasiliana na Colt na kumweleza marekebisho aliyotaka: vyumba sita badala ya vitano, gololi kubwa zaidi, kifyatuo kinachoonekana wakati wote, na uzito wa kutosha kuhimili baruti nyingi. Januari 1847 serikali iliagiza bastola 1,000. Kwa kuwa Colt hakuwa na kiwanda, alizitengeneza katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, huko Connecticut.

Bastola ya Walker ilikuwa na uzito wa kama kilogramu 2, na kila chumba kiliweza kupokea karibu gramu 4 za baruti. Nguvu hiyo ilikuja na hatari. Baadhi ya silinda zilipasuka, kwa sababu ya udhaifu wa chuma cha wakati huo na kwa sababu askari walijaza baruti kupita kiasi. Aidha, mshtuko wa mlio uliufanya wenzo wa kushindilia ushuke wenyewe na kuizuia silinda isizunguke. Modeli iliyofuata, Dragoon ya mwaka 1848, ilipunguziwa nafasi ya baruti na kupewa kishikizo imara cha wenzo. Walker mwenyewe hakuiona. Aliuawa vitani huko Huamantla, Meksiko, Oktoba 1847.

Faida ya zabuni hiyo ilimwezesha Colt kufungua kiwanda chake mwenyewe mjini Hartford.

Gololi, chumba na pete ya risasi

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili: madini laini yenye rangi ya kijivu, na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Kwa bastola za Colt maana hizo mbili zilikutana, kwa sababu silaha ilitegemea ulaini wa madini yenyewe ili ifanye kazi salama.

Mpiga alivuta nyundo nusu, akamimina baruti katika chumba, akaweka gololi mdomoni mwa chumba, kisha akazungusha silinda mpaka chumba hicho kikae chini ya wenzo. Aliposhusha wenzo, gololi iliingizwa kwa nguvu. Gololi iliyofaa ilikuwa pana kidogo kuliko mdomo wa chumba. Tofauti ilikuwa ndogo sana, kama sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Kwa hiyo ukingo wa chumba ulikata utepe mwembamba wa risasi, ukabaki nje kama pete. Pete kamili isiyokatika ilikuwa ushahidi kwamba gololi imebana pande zote. Mwisho kabisa fataki iliwekwa nyuma ya kila chumba.

Kubana huko kulikuwa na faida tatu. Kwanza, kulizuia moto wa chumba kimoja usipenye mbele na kuwasha baruti ya vyumba jirani. Ajali ya vyumba kadhaa kulipuka pamoja iliogopwa sana, hasa katika bunduki ndefu zenye silinda, kwa maana mkono wa kushoto wa mpiga ulikuwa mbele ya vyumba. Watu wengi walipaka shahamu juu ya gololi kama kinga ya ziada, na mafuta hayo pia yalilainisha masizi ya baruti. Fataki zisizokaa vizuri nazo ziliweza kuleta ajali hiyo kutoka nyuma, hivyo kubana kwa gololi peke yake hakukutosha.

Pili, gololi iliyobana haikusogea. Kila mlio ulirudisha silaha nyuma kwa kishindo, na gololi zilizolegea katika vyumba vingine zingeweza kutambaa mbele hadi zitokeze nje ya silinda. Hapo zingegonga nyuma ya mtutu, na silinda ingekwama mpiga akiwa bado anaihitaji.

Tatu, kukatwa kwa ukingo kuliipa gololi ya mviringo ukanda bapa kuizunguka. Ukanda huo ulishika vizuri zaidi mifuo ya ndani ya mtutu, ambayo huizungusha gololi ili ipae bila kuyumba. Kwa sababu hiyo mafundi walijali pia uwiano wa chumba na mtutu. Chumba kikiwa chembamba kuliko upana wa mtutu hadi chini ya mifuo, gololi hutoka chumbani ikiwa imekwisha kupunguzwa mno; gesi huipita pembeni, na shabaha hupotea.

Majina ya vipimo yaliwachanganya wengi, na bado huwachanganya. Bastola ya Navy ya mwaka 1851 iliitwa ya .36, yaani sehemu 36 kwa mia za inchi, sawa na milimita 9.1. Kipimo hicho kilikuwa cha tundu la mtutu kabla ya kuchongwa mifuo, si cha gololi. Gololi inayotumika kwa kawaida ni ya inchi 0.375, sawa na milimita 9.5, yenye uzito wa kama gramu 5. Vilevile bastola ya Army ya mwaka 1860, inayoitwa ya .44, hutumia gololi ya inchi 0.451 au 0.454, yaani karibu milimita 11.5, yenye uzito wa kama gramu 9. Mtu aliyenunua gololi kwa kufuata jina la silaha angepata gololi inayodondoka chumbani bila kushindiliwa.

Ulaini wa madini ulikuwa sharti. Risasi safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, kwa hiyo askari au mwindaji aliweza kuiyeyusha kwa moto wa kuni na kuimimina katika kalibu. Colt aliuza bastola zake pamoja na kalibu yenye nafasi mbili, moja ya gololi ya mviringo na nyingine ya risasi iliyochongoka. Risasi iliyochanganywa na bati au antimoni huwa ngumu. Haikatiki kirahisi mdomoni mwa chumba, inahitaji nguvu kubwa kuingizwa, na kwa muda mrefu hulegeza wenzo pamoja na mhimili unaobeba silinda. Kwa wasio na muda wa kushindilia kwa hatua, ziliuzwa pia kartriji za karatasi zenye baruti na risasi pamoja, ambazo nazo zilisukumwa kwa wenzo uleule.

London na ushindani na Adams

Mwaka 1851 Colt alipeleka bastola zake katika Maonyesho Makuu ya London, akatoa pia mhadhara mbele ya chama cha wahandisi wa Uingereza kuhusu utengenezaji kwa mashine. Waingereza walishangazwa na jinsi sehemu za silaha zilivyotengenezwa kwa vipimo vinavyokaribiana sana, ingawa kwa kweli mafundi bado walizikamilisha kwa tupa. Mwaka 1853 alifungua kiwanda karibu na mto Thames, ambacho kiliuza silaha kwa serikali ya Uingereza wakati wa Vita vya Krimea. Kiwanda hicho hakikudumu zaidi ya miaka michache.

Mshindani wake mkubwa huko alikuwa Robert Adams. Bastola ya Adams ilikuwa na mwili wa kipande kimoja, imara kuliko ya Colt, na ilifyatuka kwa kuvuta kifyatuo tu. Lakini za mwanzo hazikuwa na wenzo: risasi yake, iliyokuwa na kizibo nyuma, ilisukumwa kwa kidole. Ilijazwa haraka, ila haikubana kama ya Colt, na iliweza kusogea kwa mtikisiko. Baadaye bastola za aina ya Adams nazo ziliwekewa nyenzo za kushindilia.

Kiwanda cha Hartford

Mwaka 1849 Colt alimwajiri Elisha Root kuwa msimamizi wa kiwanda. Root alibuni mashine nyingi za kufua, kutoboa na kuchonga chuma, na kazi iliyohitaji fundi bingwa ikagawanywa katika hatua ndogo zilizofanywa na mashine. Hilo lilikuwa na maana hata kwa gololi: vyumba sita vya silinda moja vilipaswa kulingana, na silinda za maelfu ya bastola zilipaswa kukubali kalibu moja.

Colt alinunua ardhi ya bondeni kando ya mto Connecticut, akajenga tuta refu la kuzuia mafuriko, akapanda mierebi juu yake ili mizizi ishike udongo. Kiwanda kipya kilichokamilika mwaka 1855 kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya silaha duniani, kikatambulika kwa kuba lake la buluu. Alijenga nyumba za wafanyakazi na ukumbi wa mikutano na muziki, na matawi ya mierebi yalitumika kusuka samani. Kazi ilikuwa ya saa 10 kwa siku, na nidhamu ilikuwa kali.

Katika kuuza hakuwa na mpinzani. Alimlipa mchoraji George Catlin achore picha za uwindaji zinazoonyesha silaha za Colt. Aliwapa wafalme na majenerali bastola zilizonakshiwa kwa dhahabu, miongoni mwao Sultani wa Milki ya Osmani na Kaisari wa Urusi, mataifa mawili yaliyotazamana kwa uadui. Mwaka 1854 kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza tuhuma kwamba zawadi zilitumika kuwashawishi wabunge waongeze muda wa hataza yake. Muda huo haukuongezwa tena.

Familia

Tarehe 5 Juni 1856 Colt alimwoa Elizabeth Hart Jarvis, binti wa kasisi. Walijenga jumba kubwa lililoitwa Armsmear, karibu na kiwanda. Watoto wao karibu wote walifariki wakiwa wachanga au wadogo. Aliyefikia utu uzima ni Caldwell Hart Colt, aliyezaliwa mwaka 1858.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe na kifo

Mgogoro wa utumwa ulipozidi kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, Colt aliendelea kuuza silaha kwa pande zote mbili hadi vita vilipoanza Aprili 1861. Magazeti ya Kaskazini yalimshutumu kuwa msaliti. Watetezi wake walijibu kwamba biashara hiyo ilikuwa halali mpaka vita vilipotangazwa. Kwa watu waliokuwa utumwani Kusini, ambao silaha hizo zilitumika kuwazuia, tofauti ya uhalali haikuwa faraja.

Baada ya hapo kiwanda kilifanya kazi kwa ajili ya serikali ya Kaskazini, iliyonunua zaidi ya bastola 100,000 za modeli ya Army ya 1860. Colt alipewa cheo cha kanali ili aunde kikosi chenye bunduki zake za silinda, lakini mpango ulivunjika mwaka uleule.

Kwa muda mrefu Colt alisumbuliwa na jongo. Alifariki Hartford tarehe 10 Januari 1862 akiwa na umri wa miaka 47, akiacha mali iliyokadiriwa kuwa dola milioni 15. Alizikwa kwanza katika bustani ya Armsmear. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Cedar Hill mjini humo.

Baada ya kifo chake

Elizabeth alirithi sehemu kubwa ya kampuni. Februari 1864 moto uliteketeza jengo kuu pamoja na kuba lake. Aliamuru lijengwe upya. Root aliongoza kampuni hadi alipofariki mwaka 1865. Elizabeth aliishi hadi 1905, na mkusanyo wake wa sanaa na silaha ulikwenda katika jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum.

Teknolojia ya gololi na baruti iliyomwagwa kwa mkono haikuishi muda mrefu baada ya mwenyewe. Kampuni ya Smith & Wesson ilishikilia haki ya silinda iliyotobolewa hadi nyuma, inayopokea kartriji ya chuma, na hataza hiyo iliisha mwaka 1869. Mwaka 1873 kampuni ya Colt ilitoa bastola maarufu ya Single Action Army yenye kartriji za chuma. Tangu hapo kulinganisha risasi na chumba kukawa kazi ya kiwanda, si ya mpiga. Hata hivyo nakala za bastola za zamani zinatengenezwa hadi leo, hasa nchini Italia na kampuni kama Uberti na Pietta, na wanaozitumia katika mashindano bado huangalia pete ya risasi mdomoni mwa chumba.

Urithi

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu Colt. Wapo wanaomwona kuwa miongoni mwa waanzilishi wa viwanda vya kisasa, kwa kuwa mafundi waliopitia kiwanda chake walipeleka ujuzi wa mashine katika viwanda vingine. Wapo wanaokumbusha kwamba ustawi huo ulilipwa na vita, na kwamba Waseminole, Wakomanche na Wameksiko walikuwa upande wa pili wa mtutu. Mwaka 2014 Bunge la Marekani liliidhinisha eneo la kiwanda chake huko Hartford kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa.